Mashine Aliyoiuza Mtani

Niseme wazi kabla sijaanza: vitu vya dukani vya siku hizi vinanitia kinyaa. Unanunua chupa ya chai, kwenye boksi wamechora moshi unafuka, saa sita mchana unamimina chai imepoa kama maji ya mtungi. Unanunua pasi, siku ya pili tu nyumba nzima inanuka plastiki. Na aliyekuuzia alikutazama usoni, akaapa kwa jina la Mungu, na jioni kala wali wake kalala. Ptuu! Lakini habari za pasi yangu si kitu. Nataka niwasimulie za wifi yangu Sabra, maana kama kuna mtu Morogoro hii ambaye maboksi yamemchezea, basi ni yeye.

Sabra ni dada wa mume wangu, Rehani. Anakaa Mwembesongo, jirani na kwetu, na kazi yake ni ndizi. Anapanda Kinole alikozaliwa, anakusanya mikungu kwa wakulima, anaishusha mjini, anaivumbika na kuiuza sokoni. Muda wote niliomfahamu sijawahi kumwona akimficha mteja kitu. Wenzake wakipanga chane, ubavu uliogongwa wanaugeuzia chini. Yeye anaugeuzia juu. Anamwambia mtu, "Dada, hii imegongwa njiani, ipike leo leo, kesho itakuaibisha mbele ya mumeo." Wenzake wanamcheka, lakini wateja wanamrudia.

Sasa mtu wa namna hiyo akiingia dukani kununua ni balaa. Anadhani kila mtu anauza kama anavyouza yeye. Picha iliyoko kwenye boksi kwake ni kiapo. Alinunua blenda, picha ilionyesha inasaga mpaka barafu. Ilisaga embe moja ikatoa moshi. Alinunua ile ya kuchajia simu wanayoiita pawabenki, nzito hasa, akanionyesha uzito wake kwa fahari. Ilipokataa kuchaji Rehani akaipasua kwa bisibisi, na ndani mkamwagika mchanga. Mchanga, jamani! Mtu mzima amekaa mahali fulani na kijiko, anajaza mchanga, anafunika, anapiga lakiri. Mimi nilitapika rohoni.

Na msidhani ni vya umeme tu. Alitaka kufuga kuku, akanunua kitabu kwa kijana mwenye spika pale stendi ya Msamvu. Jalada lina jogoo mnono na bwana mmoja anayecheka ameegemea gari. Sabra akakisoma kama msahafu. Nusu nzima ya kitabu ilikuwa mahubiri: amka mapema, jiamini, usisikilize wanaokukatisha tamaa. Kuku wakapigwa na kideri. Siku ile nilimkuta amesimama katikati ya banda, kuku wanasinzia miguuni pake, kitabu mkononi, anatafuta sura ya magonjwa. Sura ilikuwepo kwenye yaliyomo. Alipoifungua, kurasa nyeupe pe, hawakuzichapa. Akanitazama, akasema maneno yake ya siku zote, "Labda mimi ndiye sijui kutumia, wifi."

Maneno hayo yalinichefua kuliko mchanga. Mtu anaibiwa halafu anajilaumu yeye! Na wala hakuvitupa. Aliviweka vyote kabatini, blenda, kitabu, pawabenki, kila kimoja ndani ya boksi lake. Mimi nililiita kabati la marehemu. Nikipita namuuliza, "Wifi, leo umezika nani?" Anacheka.

Tukacheka hivyo mpaka ikafika zamu ya masikio ya mama yake.

Mama mkwe wangu, Bibi Mwaisha, alikaa Kinole, kwenye nyumba yake ya bati juu ya mteremko, migomba mbele, iliki nyuma. Huyo mama ndiye alikuwa mwimbishaji wa kina mama wa kule. Mwali akitolewa, iwe kwao au kijiji cha jirani, Bibi Mwaisha ndiye anayeanzisha, wengine wanaitikia. Ukoo wao una wimbo wao wa kumtolea mwali nje, na kwa kuwa kwao ukoo hufuatwa kwa mama, wimbo ule aliupokea kwa mama yake, akamwimbia Sabra, na ilikuwa zamu ya Shadya, binti wa Sabra, mjukuu wake wa kike wa pekee. Ya ndani hayasemwi, msiniulize. Lakini wimbo wa nje kila mtu anausikia, na mimi mgeni wa ukoo ule ulikuwa ukinisimamisha vinyweleo.

Basi Mungu akachukua masikio yake. Kwanza aliacha kusikia mvua juu ya bati. Baadaye tukawa tunampigia kelele, tena ya kumpigia mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaacha kwenda kwenye ngoma. Walipomfuata kumwomba aimbishe, alikataa. Akatuambia, "Siimbi mimi. Nikianzisha, sisikii mnavyoitikia. Nitajuaje pa kuingilia? Nitaonekana mwendawazimu." Na Shadya alikuwa anamaliza kidato cha nne, likizo ile ndipo atolewe, siku hizi mambo yote yanabanwa ndani ya likizo. Bibi Mwaisha akamwambia bintiye kwa sauti ile ya viziwi, isiyojua kama iko juu au chini, "Wa Shadya nilitaka niuimbe mimi. Baada ya huo, nichukuliwe." 

Kesho yake Sabra akaanza kutafuta mashine ya masikio. Aliiona kwenye simu, mzee wa Kizungu mwenye mvi safi amevaa kitu kidogo sikioni, anacheka na wajukuu. Akaenda kwanza kwa Girish, mwenye duka la redio na feni, ambaye tangu babu yake wanauza pale pale. Nilikuwa naye. Girish akatikisa kichwa.

"Mama Shadya, hiyo mimi siuzi. Mpeleke mama hospitali, wampime sikio kwanza, wajue limekufa kiasi gani. Hizo za kwenye boksi ni kelele tu."

"Mama hataki kushuka mjini. Na hiyo ya hospitali itachukua miezi."

"Basi subirini miezi," akasema Girish, akaendelea kufuta vumbi feni zake.

Sabra akatoka amenuna. "Mfanyabiashara gani huyo hataki kuuza?" Nikamwambia, wifi, mwenye duka akikwambia usinunue, huyo ndiye wa kumsikiliza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakunisikia. Kichwani mwake alishamkumbuka mtu wa kumwamini, naye ni Hashimu.

Hashimu ana duka la simu na makorokoro yake karibu na soko. Shati limenyooka, manukato unayanusa kabla hujamwona, kucheka ndiyo salamu yake. Kwao ni huko huko milimani, na ukoo wao na ukoo wa kina Sabra ni watani tangu mababu. Nyinyi mnaojua utani wa koo mnajua uzito wake. Wakikutana ni matusi na vicheko. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, anachukua nyama, na wewe huruhusiwi kununa. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayemwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka, na siku ya kuanua tanga ndiye anayepewa nguo ya marehemu. Mtu wa kukuzika, kwa kifupi. Na hapo ndipo Sabra alipopotea. Aliniambia kwa kinywa chake, "Wifi, Hashimu anaweza kuniibia kuku mchana kweupe nikacheka. Lakini kwenye masikio ya mama hawezi kunitania. Yeye ndiye atakayemzika."

Basi mtu wa kumzika akamuuzia. Akaitoa kabatini kwa mikono miwili kama anatoa yai. "Mtani, hii si ya kila mtu. Hii nimeificha. Bibi atasikia mpaka siafu wakipita." Pesa aliyotaja ilimeza mikungu ya Sabra ya mwezi mzima. Nikamvuta kanga. Akaitoa pesa, akakabidhiwa mashine na betri zake, vidude vya duara kama vya saa.

Tukapanda Kinole. Bibi Mwaisha alioga, akavaa kanga mpya, akaketi kibarazani akishika magoti kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Sabra akamtia mashine sikioni, akabonyeza.

Nyiiiiiiiii! Hata mimi niliyekaa mbali niliziba masikio. Bibi Mwaisha akaruka, akapiga sikio kwa kofi.

"Sabra! Umenitia chenene sikioni! Mtoe! Mtoe huyo!"

Tulicheka, siwadanganyi, kwa sababu alikuwa anazunguka kibaraza akimfukuza chenene asiyemwona. Lakini alipoivua, tundu la sikio lilikuwa jekundu, na alikaa chini akiushika upande ule wa kichwa. Sabra naye akaishika ile mashine mkononi. "Labda mimi ndiye sijui kutumia," akasema. Nilifyonza mpaka kuku wakageuka.

Tukairudisha. Duka la Hashimu lilikuwa na wateja, na hilo lilimfurahisha. Akaitazama mashine, akatutazama, akapaza sauti.

"Jamani, njooni muwaone watani zangu! Wamezoea kelele za nyani huko mlimani, leo mashine ya kisasa imewashtua! Mtani, mashine nzima hii. Kiziwi ni mama yako. Niletee mtu mwenye masikio, ndipo uje kulaumu."

Duka zima likaangua kicheko. Na Sabra akacheka. Ndiyo, akacheka, kwa sababu mtani hanuniwi, ni mwiko. Nilimwona anavyocheka, meno nje na macho yamejaa maji. Mimi sina utani na Hashimu, ukoo wangu ni mwingine kabisa, nikamwambia palepale, "Hashimu, huu si utani. Huu ni wizi, na unajificha nyuma ya mababu."

"Lo! Wifi wa watani ana hasira, mpeni maji anywe," akajibu, wakacheka tena. Akachukua bisibisi ndogo, akazungusha kitu, akatia betri nyingine, na betri hizo akazidai pesa zake. Hashimu huyo, mtu wa kuzika mtu! Mpaka leo nikinusa manukato yale sokoni nahisi kichefuchefu.

Sabra akaipeleka tena mlimani, akaiacha kwa mama yake kwa vile alikuwa na mzigo wa kuwahi. Alipopanda wiki iliyofuata, alimkuta Bibi Mwaisha ameivaa, anapepeta mchele huku anatabasamu.

"Chenene amenyamaza, mwanangu," akamwambia. "Sasa nasikia vizuri."

Sabra alishuka akiimba. Alikuja kwangu hata ndoo hajatua. "Umeona? Umeona wifi? Ilitaka kuzoewa tu!" Kila wiki akawa anampelekea betri, kwa kuwa Hashimu alimwambia zinaisha haraka. Bibi Mwaisha alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga kama alivyofunga kila kitu maisha yake yote, hirizi, pesa, ugoro, akamshukuru na kumwombea dua.

Mimi sikuamini. Siku moja nikiwa huko, nikapita nyuma yake nikamwita, "Mama!" Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Akaendelea kuchambua mchicha. Nilipomzunguka akaniona, akanigeuzia uso wote, akatazama midomo yangu. Nikamwambia Sabra. Akacheka, akasema mama mkwe ana haki ya kuchagua mkwe wa kumsikia. Nikaacha. Wifi yangu alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu aachike, ningeanzaje kuipiga teke?

Siku ya Shadya ikafika. Watu walijaa mpaka kwenye migomba. Bibi Mwaisha alitoka na kanga zake mbili na mashine sikioni, inaonekana wazi, alikuwa amefunga kilemba juu makusudi ionekane. Mwali akasimamishwa mlangoni, amefunikwa. Bibi Mwaisha akafumba macho, akaanzisha.

Sauti ilikuwa ile ile. Tukaitikia. Kabla hatujamaliza kuitikia, akaingia, mapema mno, akatukata katikati. Wanawake wakatazamana. Mara ya pili akachelewa, tukabaki kimya tunamsubiri, macho yake yamefumba, mikono inapiga makofi yasiyo na mpangilio wetu wala wa ngoma. Hapo Bi Eufrazia, shoga yake tangu usichana, akatupa ishara kwa kichwa: mfuateni yeye. Tukamfuata. Tukamezea viitikio vyetu kila alipoingia, tukavivuta kila alipochelewa, mpiga ngoma akaacha kupiga kabisa. Ulikuwa wimbo uliovunjika vipandevipande na kila mtu alikuwa analia. Sabra alilia kwa furaha, maana yeye alikuwa ndani ya mlango, nyuma ya mwanawe, amemshika, hakumwona Bi Eufrazia wala ile ishara.

Ulipokwisha, Bibi Mwaisha akafumbua macho, akamtafuta bintiye. "Nimewasikia mlivyoitikia," akasema kwa sauti yake kubwa. "Vizuri sana. Nimewasikia wote."

Sasa sikilizeni kinachonitia kinyaa kuliko vyote. Sabra alirudi sokoni na kumsifia Hashimu kwa kila aliyenunua ndizi. Yeye ambaye hauzi ndizi iliyogongwa bila kukuonyesha jeraha, akawa mpiga debe wa yule mtu, na alikuwa anasema kweli aliyoijua. Mzee Bonifasi, aliyefanya kazi reli Kingolwira mpaka masikio yakamwisha, akachukua akiba yake akaenda kununua. Mama mmoja wa Mzumbe akamnunulia baba yake. Hashimu alipoulizwa kama zinafanya kazi, alinyoosha kidole kuelekea sokoni, "Muulizeni Sabra wa ndizi." Mtu asiyewahi kudanganya akageuzwa boksi. Picha nzuri kwa nje, mchanga kwa ndani.

Masika ile Bibi Mwaisha akashikwa na homa ya kifua. Hakukaa nayo muda mrefu. Alikufa asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Sabra, na mashine ikiwa juu ya stuli pembeni ya kitanda.

Watani walikuja, na niseme haki, walichimba kaburi kwenye mvua na walipika. Siku ya kuanua tanga ndiyo Hashimu alipanda. Shati limenyooka vilevile, kwenye tope lile. Akaomba kanga ya marehemu kama ilivyo haki ya mtani, Sabra akampa ile aliyoivaa mama yake mpaka mwisho. Akajifunga. Akaomba na mashine. Akaipachika sikioni, akainama mgongo, akashika fimbo, akaanza kumwigiza Bibi Mwaisha anavyotembea, kiganja nyuma ya sikio.

"Eti nini? Pazeni sauti! Mkamwambie mtani wangu Hashimu, mashine yake nakwenda nayo ahera! Nataka nimsikie malaika akiniuliza!"

Watu walicheka. Sabra pia, kitambaa mdomoni. Utani wa msiba una kazi yake na sikatai, mwenyewe nilianza kucheka nikajizuia. Hashimu akaona mambo yamekolea. Akapapasa kanga aliyojifunga, akagusa fundo kwenye pindo.

"Ohooo! Urithi huu hapa! Bibi alificha pesa! Watani, tugawane!"

Akalileta fundo mbele ya watu wote, akalifungua kwa meno. Zikamwagika mkekani. Betri. Vile vidude vya duara, vingi, vingine bado vimo ndani ya karatasi zake, havijaguswa. Kimoja kikabingirika mpaka kwenye goti la Sabra.

Sabra alikiokota kile kilichofika gotini kwake. Akakitazama. Akanyoosha mkono kwa Hashimu, akampokonya mashine sikioni, akafungua kifuniko chake kwa ukucha. Tupu, haina betri.

Bi Eufrazia ndiye aliyesema, taratibu. "Alizitoa tangu wiki ile ya kwanza, mwanangu. Ilikuwa inamuumiza. Akaniambia nisikwambie, umehangaika sana."

Nilidhani Sabra ataanguka. Nilidhani atasema labda yeye ndiye hajui kutumia. Nikasogea karibu nimshike. Lakini alichukua betri mbili mkekani, akazipachika polepole, akafunga kifuniko. Akasimama.

"Mtani," akamwambia Hashimu, "hujamaliza kumwigiza mama. Vaa."

"Mtani, basi, imetosha, tuwaache..."

"Cha marehemu mtani hakatai. Si ndivyo? Vaa."

Wazee wa ukoo wa Hashimu mwenyewe walikuwa wamekaa pale. Mmoja akasema, "Hashimu, vaa." Akavaa. Sabra akambonyezea kwa kidole chake.

Nyiiiiiiiii! Tukaisikia uwanja mzima. Hashimu akajikunja, mkono ukaruka kwenda sikioni, Sabra akaushika mkono ule kabla haujafika. Mzee Bonifasi, aliyekuja msibani na mashine yake sikioni, hakusikia lolote, akawa anageuka huku na huku anauliza kwa sauti kubwa, "Wanasema nini? Jamani, wanasema nini?" Uso wa Hashimu ulikuwa unatoka jasho, manukato yote yamekwisha.

"Sasa uimbishe," akasema Sabra. "Kama alivyoimbisha mama. Sisi tutaitikia."

Na akaanzisha Sabra mwenyewe, wimbo ule ule wa Shadya, wanawake wote wakaitikia, na Bi Eufrazia, na mimi, sauti ikajaa mpaka kwenye migomba. Tuliitikia mpaka mwisho, safi, bila kuvunja, jinsi ulivyopaswa kuitikiwa siku ile ya Shadya. Tulipomaliza Sabra akasogeza mdomo karibu na sikio lake la pili.

"Umesikia tulivyoitikia, mtani?"

Hashimu alikuwa ameinama, kanga ya marehemu imemlegea kiunoni, machozi ya maumivu yanamtoka. Akatikisa kichwa. "Sisikii kitu," akasema. "Mlio tu. Sisikii kitu."

"Haya," akasema Sabra. "Hicho ndicho ulichomuuzia mama yangu."